Wimbo Uliopewa Jina Langu

Baba alinifundisha violini kwa fimbo. Sisemi hivyo kumchafua marehemu, ndivyo alivyofundisha. Alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri kijijini kwetu, si mbali na Njombe mjini, na chombo chenyewe aliachiwa na mmisionari aliyerudi kwao kabla mimi sijazaliwa. Jioni, nikishatoka kuchimba viazi, nilikaa mbele yake kwenye kigoda, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikapiga nyimbo za kanisani. Nikikosea noti, kijiti cha mwanzi kilinitua kwenye vifundo vya vidole. Alipiga mkono wa kulia tu, wa kushoto hakuugusa kamwe. "Wa kushoto ndio unaotafuta sauti," alisema. "Huo hatuuharibu." Kaka zangu walimkimbia. Mimi nilibaki kwa hasira tu, kwa sababu nilitaka siku moja nipige wimbo mzima bila kumpa nafasi ya kunyanyua kile kijiti.

Sikuipata siku hiyo, maana alifariki mapema. Kaka zangu waligawana shamba na ng'ombe, wakagombania hadi majembe, na mmoja akampasua mwenzake kichwa kwa mpini mbele ya wachungaji. Violini haikugombewa na mtu. Niliifunga kwenye kanga nikaondoka nayo kwenda Makambako, kwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa matairi kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanapolala. Ana mikono ambayo nikiikumbuka leo bado nashtuka. Nilimpenda. Alikuwa mchekeshaji, alijua kuiga sauti za madereva wa kila nchi, na mwanzoni alinibeba mgongoni kuvuka matope ili viatu vyangu vya harusi visichafuke. Mwaka huohuo alinipiga kibao kwa sababu ya maharage yaliyoungua. Nilimrushia sufuria. Ana kovu shingoni mpaka sasa, na mimi nina langu nyuma ya sikio. Majirani walisema hawa wawili wamekutana, nami nikajidanganya kwamba ni ngoma droo. Sikufikiri kwamba mtu anayebandua matairi ya malori kwa mtaimbo kutwa nzima hawezi kwenda droo na mtu anayeshona sare za shule barazani.

Huko kwingine kote nilikuja kukufikia kwa sababu ya uzi uliokatika. Uzi mwembamba wa violini ulikatika, pale Makambako hakuna wa kumuuliza, basi nikafungua simu kutafuta namna ya kuufunga mwingine. Akatokea mzee mmoja wa Kizungu, mfugaji wa kondoo kisiwani huko Uskoti, amekaa jikoni kwake karibu na jiko la kuni, mbwa kalala chini ya meza, dirishani ukungu mtupu kama wa kwetu. Aliishika violini chini kabisa kifuani, kidevu hakikuigusa, kifundo cha mkono kimelala, kila alichokataza baba yangu. Kisha akaanza kupiga, na mguu wake ukawa unapiga sakafu.

Nilicheka kwanza. Mteja aliyekuja kuchukua gauni aliniuliza kama niko salama. Halafu hasira ikanipanda, hasira kweli, mpaka nikaizima simu. Miaka yote ile nilikuwa nimefungiwa chumba kimoja cha nyumba ambayo ina ukumbi wa kuchezea, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nikaiwasha tena. Wenyewe hawakuiita hata violini, waliiita fidla.

Nilianza kujifunza kwa sikio. Niliipunguza video mwendo mpaka mzee akawa anatembea kama mgonjwa, nikamfuata kipande kwa kipande, nikiwa nimekwisha kupasha vidole kwenye jiko la mkaa. Alikuwa na kundi mtandaoni, watu wa Uskoti na Ayalandi na wengine wa kila pembe ya dunia, na kundi lilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Ukituma wimbo, sharti useme umeupata kwa nani. Hawakujali sana umepiga vizuri au vibaya. Ukinyamaza wataulizana chini yake mpaka useme: huu umeupata kwa nani? Mimi, mtoto wa nyumba ambamo mgeni hapewi hata maji kabla hajataja ukoo wake, niliielewa kanuni hiyo siku ileile.

Nilituma wimbo wa kanisani nikaandika nimeupata kwa baba yangu. Kisha nikatuma wimbo wa Kibena ambao mama na wenzake waliuimba wakilima viazi, nikaandika nimeupata kwa mama. Haikupita muda watu wa Ayalandi wakaurudisha umepigwa kwa fidla zao, wanakanyaga sakafu za mbao, wimbo wa viazi vya kwetu! Niliutazama nikiwa na nguo mdomoni nisipige kelele barazani. Waliuliza maneno yake yana maana gani, nikawaeleza, nao wakanieleza ya kwao. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyimbo zile tamu zimejaa damu. Ule wa haraka uliokuwa ukinichezesha ulitungwa baada ya watu kuchomewa nyumba. Mwingine ulikuwa wa msichana aliyeburutwa kwenda kuolewa. "Tunazipiga haraka," mzee aliniandikia, "ili tusikae nazo muda mrefu." Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini hilo nililielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Sasa, kwao kuna desturi nyingine. Mtu akitunga wimbo huupa jina la rafiki, kama kusema asante. Mzee alitunga mmoja akaupa jina langu, lile nililopewa na baba. Aliupiga jikoni kwake, akalitaja jina hilo kwa ulimi wake mzito, akasema ni kwa ajili ya mwanamke wa Tanzania anayepiga fidla karibu na barabara. Nilicheza peke yangu kati ya cherehani na ukuta.

Lazima nieleze jambo moja la ukoo wa mume wangu. Kwao, mke akifika, mama mkwe humnawisha mikono kwenye beseni na kumpa jina jipya, na toka siku hiyo lile la kwao haliitwi tena ndani ya nyumba zao. Mimi nilipewa jina la dada yake mama mkwe. Jina si mapambo kwao. Aliyekupa jina amekuchukua. Kwa hiyo utingo wa lori moja alipomwambia mume wangu, huku akicheka, kwamba mke wake ametungiwa wimbo na Mzungu na wimbo una jina lake la usichana, mume wangu aliuacha mtaimbo chini akaja nyumbani.

"Huyu mzee amekupa jina kama nani yako?" aliniuliza.

Kwa watu wa kwao hilo ni swali la haki. Ningeweza kulijibu taratibu. Nikamjibu, "Kama mtu anayejua ninachofanya nikikaa hapa."

Alinipiga kibao. Nikamchapa kwa rula ya mbao ya kupimia vitambaa, ikampasua nyusi, damu ikamwingia jichoni. Akaikamata fidla akaelekea nayo barabarani kuitupa chini ya malori. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata bega mpaka akaiachia, nikaikumbatia nikarudi ndani kinyumenyume, yeye ananifuata. Mlango wetu ni wa chuma. Nilijishika kwenye fremu kwa mkono wa kushoto nisianguke, naye akaukamata mlango.

Aliutazama ule mkono. Nataka hili lieleweke. Watu wamenieleza mara nyingi kwamba ilikuwa bahati mbaya, kwamba hasira haina macho. Ya kwake ilikuwa na macho. Aliutazama mkono wangu, akajua ni upi, ndipo akaubamiza mlango.

Sauti ya mfupa niliisikia kabla ya maumivu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki kunipeleka hospitali, analia, na njiani akasimama kuninunulia soda. Daktari aliuliza imekuwaje, akaongeza kwamba kama nimepigwa tupitie kwanza polisi. Mume wangu alikuwa amesimama pale na plasta kwenye nyusi. Nikasema nimeanguka. Sijui ni kwa nini. Mdomo wangu huwa haungoji ruhusa, lakini siku ile ulisema nimeanguka kama mdomo wa mtu mwingine. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilipona vimejikunja, na mpaka leo havifunguki.

Ungefikiri ameridhika. Hapana. Ili kosa lisibaki kwake ilibidi lipate pa kwenda, akampelekea mzee wa Uskoti. Alishtaki kwa ukoo wake kwamba kuna mgoni, na ikapangwa siku ya kikao, Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa baba yake mkubwa huku Njombe. Walidai fidia ya ng'ombe na blanketi. Mtu mmoja aliuliza ng'ombe atafikaje kutoka Ulaya, baba mkubwa akajibu kwamba siku hizi kila kitu kinatumwa kwa simu.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa, kwa hiyo ilinywewa chai, na ulanzi, pombe ya mianzi, ukawa unanywewa nyuma ya nyumba. Mume wangu aliileta fidla kama kidhibiti akaiweka juu ya meza. Dada yake, wifi yangu, mwalimu wa Kiingereza sekondari, ndiye aliyepewa kazi ya kutafsiri. Tangu afike hakunisalimu. Alimpigia mzee kwa simu ya video, akaisimamisha simu kwenye chupa ya chai ili wote waone.

Mzee akatokea, jiko lilelile, mbwa yuleyule. Miezi ya nyuma nilikuwa nimemfundisha salamu ya kwetu.

"Kamwene!" akasema.

"Kamwene!" chumba kizima kikaitikia, kabla hawajakumbuka kwamba wamekasirika.

Baba mkubwa alikohoa. "Muulize, kwa nini amempa jina mke wa mtu?"

Wifi akauliza, akasikiliza. "Anasema hajampa mtu jina. Ameupa wimbo jina la mtu."

"Kwa idhini ya nani?"

Hapo mke wa mzee aliingiza kichwa, bibi wa nywele nyeupe, mikono imejaa unga. Alisema maneno mengi. Wifi alijizuia asicheke akashindwa. "Anasema mumewe ametunga nyimbo za mbwa, za ng'ombe, na za mtu anayeleta barua. Wa kwake yeye mke ulikuwa mbaya sana akamkataza kuupiga. Anauliza kama huku kuna mtu wa kumfundisha mumewe adabu."

Walicheka wote. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akajifuta macho. Baba mkubwa akasema basi usikike huo wimbo, na mzee akaupiga. Nilikuwa sijausikia tangu siku ya mlango. Fimbo ya baba mkubwa ilianza kugonga sakafu, kidogokidogo, halafu bila aibu, na ulipokwisha akatamka kwamba hapa hakuna ugoni, kuna ngoma. Niliona mabega ya mume wangu yakishuka. Alipumua, akacheka yeye pia, akageuka kuniangalia kwa uso ule wa zamani uliokuwa ukiiga madereva.

"Haya, kumbe ni wimbo tu," akasema. Akaichukua fidla mezani akaniwekea mapajani. "Mpigie baba mkubwa wimbo wako."

Alikuwa amesahau. Hilo ndilo lililonichoma kuliko mlango. Alikuwa amesahau kabisa.

Niliiweka fidla begani. Nikashika upinde kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vya kushoto vikafika kwenye nyuzi, viwili vikabaki hewani, vimejikunja. Nilipiga mpaka mahali ambapo wimbo unavitaka vile viwili, nikaishia hapo. Nikaanza tena, nikaishia hapohapo. Mvua ilisikika juu ya bati.

"Mbona hupigi, mama?" baba mkubwa aliuliza.

"Alianguka, baba," mume wangu akawahi.

Kwenye simu mzee alikuwa amesogeza uso karibu. Aliuliza jambo, taratibu.  Wifi alinitazama mkono, akamtazama kaka yake kovu la nyusi, na mimi nikaona jinsi anavyounganisha.

"Anauliza nani amekufanya hivyo," akasema.

"Mume wangu," nikasema. "Aliuangalia mkono kwanza, ndipo akaubamiza mlango."

Mume wangu aliruka juu ya meza. Vikombe vilimwagika, chai ya moto ikamwagikia mama mkwe, na ngumi iliyokuwa inakuja kwangu ikampata wifi, kwa sababu wifi alikuwa amekwisha kusimama katikati. Nilisikia meno. Alikaa chini huku damu ikimchuruzika kwenye gauni la kanisani. Baba mkubwa akanyanyuka, mzee yule, na fimbo iliyokuwa ikicheza wimbo wangu ikashuka mgongoni kwa mume wangu, ikashuka tena, wajomba wakaingilia, mmoja akipiga, mwingine akiamua kwa kupiga. Sitajifanya mcha Mungu. Nilifurahi. Nilisimama ukutani, fidla nimeikumbatia, nikatamani fimbo isichoke.

Simu ilikuwa imeangukia mkekani ikitazama dari. Mzee alikuwa akiita jina langu kwa sauti, tena na tena, lile la baba. Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kulitaja, kwa sababu hakujua kwamba limekatazwa.

Waliposhiba kupigana walihukumu. Mume wangu atatoa mbuzi wa kutuliza ukoo, na mimi nitarudi nyumbani naye. Mbuzi angeliwa na wote, mlango ningerudi kuukuta peke yangu. Nikasema sirudi. Mama mkwe, mkono umebabuka kwa chai, akaniambia jina alilonipa atalichukua. Nikamwambia achukue, ninalo lingine. Wifi ndiye aliyenisindikiza kwenye mvua, mdomo umevimba, akanibebea mkoba.

Ninaishi Njombe sasa, chumba kimoja karibu na soko, cherehani dirishani. Kushona nimerudia mapema kuliko nilivyodhani. Fidla ilikataa. Kisha mzee akatuma video bila maelezo. Alikuwa ameigeuza fidla yake, nyuzi nene zimekwenda upande wa nyembamba, upinde ameushika kwa kushoto, na alikuwa anapiga vibaya kuliko mtoto, anatukana kwa lugha ya kisiwani kwao. Mbwa alitoka nje. Nikaelewa. Nami nikazigeuza nyuzi, nikageuza na kidaraja kinachozibeba, upinde nikaushika kwa vidole vilivyobaki vya kushoto, na kwa mara ya kwanza nikaupeleka mkono wa kulia kutafuta sauti.

Mkono wa kulia ndio aliokuwa akiuchapa baba. Vifundo vyake bado vina alama. Ulikuwa mzito na wenye kinyongo, na sauti iliyotoka miezi ya kwanza ilikuwa kama ya nguruwe anayekamatwa kwa ajili ya Krismasi. Mpangaji wa jirani alinigongea ukuta kwa kiatu, nami nikamgongea kwa mchi. Nilijipiga mwenyewe pia, nakiri hilo, niliuchapa ule mkono kwa rula kama alivyofanya baba, mpaka siku moja nikaiweka rula chini nikaupasha joto tu kwenye mkaa.

Ulipokubali, ulikubali wimbo mmoja. Nilijirekodi dirishani, ukungu nyuma yangu, nikaupiga wote, mguu sakafuni. Niliutuma. Nikaandika kama kanuni inavyotaka: wimbo huu una jina langu, nimeupata kwa mzee aliyeutunga.

Watu walishangilia. Wageni kwenye kundi, ambao hawakujua lolote, walisifu zaidi namna ninavyoishika fidla kwa upande wa pili, wakasema hawajawahi kuona mtu akipiga hivyo.  Na chini kabisa mmoja akauliza, kwa adabu, kama tunavyoulizana wote: kupiga kwa upande huo umekupata kwa nani?

Kanuni ni kanuni. Nikaandika: kwa mume wangu.